Soksi za mgandamizo kwa ugonjwa sugu wa vena za miguu: soma mmHg, pima mguu, usinunue kwa "daraja"

mpimamiguu

Wakuu, uzi huu ni wa wenye miguu inayovimba kila jioni, wenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizojitokeza na kujipinda, wenye ngozi iliyoingia weusi na kukakamaa juu ya kifundo, na wenye donda ndugu lililokaa upande wa ndani wa kifundo miezi na miezi. Ni wa wauzaji pia, maana tiba nyingi ya soksi inaharibikia dukani kabla soksi haijafika mguuni.

Mgonjwa anakuja na karatasi imeandikwa "soksi daraja la pili". Karatasi hiyo haijasema kitu. Kwa kiwango cha Ujerumani, RAL-GZ 387, daraja la pili ni mgandamizo wa 23 hadi 32 mmHg (kipimo kilekile cha presha ya damu) kwenye kifundo. Kwa Waingereza ni 18 hadi 24. Kwa Wafaransa ni 15 hadi 20. Daraja la tatu la Uingereza, 25 hadi 35, ndilo linalokaribiana na la pili la Ujerumani. Boksi za Marekani mara nyingi zinaandika namba tu: 15–20, 20–30, 30–40. Bidhaa hizi zote zinaweza kukaa rafu moja, na mtu akachukua ya bei nafuu akidhani ni kitu kilekile.

Karatasi nzuri inataja mmHg, urefu (chini ya goti au hadi paja), vidole wazi au vimefunikwa, mguu upi, na jozi mbili ili moja ifuliwe nyingine ikivaliwa.

Kwa nini kifundo? Ukisimama bila kutembea, vena ya kifundo imebeba uzito wa safu yote ya damu hadi moyoni, karibu 80 hadi 90 mmHg. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu inaikamua damu kwenda juu, vali (milango midogo ndani ya vena) zinaizuia isirudi, na shinikizo linashuka chini ya 30. Vali zikiharibika halishuki. Maji yanavujia kwenye nyama, chembe nyekundu zinatoka na kuacha madini ya chuma yanayotia ngozi weusi, mafuta ya chini ya ngozi yanakakamaa, mwishowe ngozi inapasuka. Soksi haiponyi vali. Inabana vena kipenyo chake kipungue, na inaipa misuli ukuta wa kusukumia. Ndiyo maana ukiivua kwa wiki uvimbe unarudi.

Kwa makadirio: kazi ya kusimama au uvimbe mdogo wa jioni, 15–20 inatosha. Uvimbe wa kudumu au ngozi iliyoanza kubadilika, 20–30. Kidonda kilichopona na usichotaka kirudi, 30–40 kama mtu anaivumilia. Kidonda kilicho wazi kinalengwa karibu 40, kwa bandeji au soksi mbili juu ya nyingine. Ila 20 inayovaliwa kila siku inamfaa mgonjwa kuliko 40 iliyoko kabatini.

nesi_wa_vidonda

Mkuu, kabla ya hapo kuna hatua ambayo ikirukwa mtu anaweza kupoteza mguu: kupima ateri, mishipa inayoleta damu mguuni. Soksi inabana vena, na ikikuta ateri zilizoziba inanyima mguu damu iliyobaki.

Kipimo ni kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Mgonjwa alale chali dakika 10 hadi 15. Pima presha ya mikono yote miwili kwa dopla ya mkononi (kifaa cha kusikilizia damu inavyopita) ya megahezi 8 na jeli, chukua iliyo kubwa. Funga kafu (mkanda wa kupimia presha) juu kidogo ya vifundo, kidonda kikiwepo kifunike kwanza kwa plastiki safi. Tafuta mapigo nyuma ya kifundo cha ndani na juu ya unyayo, jaza hewa hadi sauti ipotee, achia polepole, andika namba inaporudi. Kubwa ya mguu huo ugawe kwa kubwa ya mkono. Mkono 140, kifundo 126, jibu ni 0.9.

0.8 hadi 1.3, mgandamizo kamili unaruhusiwa. 0.5 hadi 0.8, ni mgandamizo mwepesi chini ya uangalizi wa mtaalamu. Chini ya 0.5 hapana, apelekwe kwa daktari wa mishipa haraka. Zaidi ya 1.3 usishangilie: mara nyingi ni ateri iliyokakamaa kwa kisukari au figo, kafu inashindwa kuibana, na namba inadanganya. Huyo apimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Wengine wa kusimamisha kwanza: moyo ulioshindwa na bado haujatulizwa (soksi inarudisha maji mengi kifuani kwa mkupuo), mguu wa kisukari uliokufa ganzi, maambukizi makali ya ngozi, na mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma. Huo wa mwisho ni wa kipimo cha ultrasaundi kuangalia damu iliyoganda. Sio wa duka la soksi.

Mwananyamala_Famasi

Sista, zahanati nyingi hazina dopla. Tumwambie nini mgonjwa aliyesimama kaunta? Mapigo ya mguu yanahisika kwa vidole.

nesi_wa_vidonda

Mapigo kuhisika hakutoshi. Mtu anaweza kuwa na mapigo na bado ateri imepungua sana. Lakini kumwacha bila kitu nako ni kumwonea. Miongozo ya England inaruhusu mgandamizo mwepesi usiozidi 20 mmHg kwa asiye na dalili za hatari huku akisubiri kipimo. Muulize: mguu unauma usiku hadi auning'inize kitandani? Shavu linakaza akitembea na kuachia akisimama? Vidole vya baridi, vyeusi, vyenye kidonda kwenye ncha? Anavuta sigara, ana kisukari? Jibu la ndiyo kwenye dalili, usiuze. Mpeleke hospitali yenye dopla.

Na ngozi yetu haionyeshi wekundu wala ubluu kama picha za vitabuni. Kuangalia damu vidoleni baada ya kuvaa, bonyeza ukucha, achia, uone rangi inarudi ndani ya sekunde 2 au 3. Linganisha joto la vidole kwa mgongo wa mkono wako. Madoa ya ugonjwa wa vena yanaonekana kama weusi uliozidi au kijivu juu ya kifundo, na ngozi inang'aa na haifinyiki.

Kijana mwenye kidonda kifundoni, msimkimbilie vena peke yake. Apimwe selimundu, nayo inaleta vidonda papo hapo.

fundi_mfumaji

Niingie upande wa kitambaa, maana wengi wanadhani soksi hizi ni soksi za kawaida zilizofumwa kwa kukazwa.

Ndani yake kuna nyuzi mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni uzi wa kufumia, unaotengeneza vitanzi: kiini chembamba cha elastani (uzi unaovutika kama mpira) kilichozungushiwa nailoni. Huu unatoa umbo, ulaini, na urahisi wa kuvutika kwenda juu. Ya pili ni uzi wa kulaza. Haufanyi kitanzi, unapitishwa kati ya vitanzi na kuzunguka mguu. Kiini chake ni kinene, cha elastani au mpira asilia, na kimezungushiwa nailoni mara mbili, safu moja kulia na nyingine kushoto ili uzi usijisokote. Mgandamizo mwingi unatoka kwenye uzi huu. Mizunguko ya nailoni ndiyo breki yake: ikibanana, uzi unavutika kidogo kisha unagoma, na kitambaa kinakuwa kigumu. Ikiachana, uzi unavutika mbali na kitambaa kinakuwa laini.

Geuza soksi ndani nje na uivute kidogo kwenye mwanga. Nyuzi za kulala zinazokatiza kati ya vitanzi zitaonekana. Usipoziona, hiyo ni soksi ya michezo hata boksi likiandika nini.

Mashine ya duara inafuma bomba lisilo na mshono, na idadi ya sindano zake haibadiliki kuanzia kifundo hadi paja. Umbo linapatikana kwa kubadili ukubwa wa kitanzi na mvuto wa uzi wa kulaza. Ina kikomo: mguu wenye kifundo sm 21 na shavu sm 50 hauwezi kupata soksi ya duara inayokaa sawa. Mashine bapa inaongeza na kupunguza sindano mstari kwa mstari, kipande kinatoka na umbo la mguu husika, kisha kinashonwa nyuma. Uzi wake wa kulaza ni mnene na haukuvutwa sana, kwa hiyo kitambaa ni kigumu na hakizami kwenye mikunjo ya ngozi. Hii ni ya mguu uliopoteza umbo, ya uvimbe wa limfu (majimaji ya mwili yanaposhindwa kuondolewa mguuni), na ya mafuta yaliyojaa kuanzia nyonga hadi kifundo.

Ugumu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua soksi mbili zinazobana 25 mmHg mgonjwa akiwa amelala. Akisimama, misuli inatanuka. Ile laini inafuata na kupanda labda hadi 28. Ile ngumu inakataa, inapanda hadi 38, na akitembea inapiga vilele kila hatua. Tofauti ya kusimama na kulala, ikipimwa pale kano ya kisigino inapoanza kuwa misuli, ikizidi 10 mmHg, mgandamizo huo unaitwa mgumu. Akilala unapumzika na analala vizuri. Kwa mguu mzito wenye ngozi ngumu, ningechukua 25 ngumu kabla ya 35 laini.

Soksi hizi zilizopangwa kubana zaidi chini zilianza kuuzwa Toledo, Ohio, mwaka 1950 na mhandisi Conrad Jobst. Alikuwa na vidonda vya vena na aliona nafuu kila akisimama kwenye bwawa la kuogelea, kwa sababu maji yanabana zaidi kadiri unavyokwenda chini. Mpango ni huohuo hadi leo: kifundo kinapata asilimia 100, na chini ya goti kati ya 50 na 80 ya hiyo.

Kisigino

Mkuu fundi, zile zinazotangazwa zina nyuzi za shaba? Na wanaosema "deni 140" ndiyo kipimo cha nguvu?

fundi_mfumaji

Shaba haiongezi hata mmHg moja. Deni ni uzito wa uzi: gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Inaeleza unene wa uzi, haisemi mguu utabanwa kiasi gani. Soksi ya deni 140 inaweza kubana 12 au 18, kutegemea ilivyofumwa na inamvaa nani. Boksi lisilo na mmHg pamoja na jedwali la vipimo vya mguu liache.

Pamba nayo haibani. Ukiona pamba kwenye lebo, ni uzi wa kufumia upande wa ngozi. Inafyonza jasho na haiwashi, ila inakauka polepole.

Shangazi_Tanga

Huku pwani joto ndilo linalowavua watu soksi. Inafunguliwa saa nne asubuhi, basi. Wataalamu mnashauri nini?

mpimamiguu

Shangazi, la kwanza ni urefu. Kwa wengi wenye uvimbe wa kifundo na kidonda, soksi ya chini ya goti inatosha. Ile ya paja inaongeza joto, inateleza, na bendi ya silikoni inawasha kwenye jasho. Ya paja iwe kwa wenye vena kubwa za pajani au waliotoka kufungwa vena.

La pili, vidole wazi. Hewa inaingia, fangasi zinapungua, kandambili inavalika, na ni rahisi kuangalia kucha. La tatu, nailoni ya nyuzi laini sana inakauka upesi kuliko pamba nene. Kunyunyizia maji kidogo juu ya soksi ikiwa mguuni kunaruhusiwa kabisa, yanapokauka yanapoza.

La nne, shusha namba kabla hajavua kabisa. Aliyeshindwa 30–40 ajaribu 20–30. Akishindwa hiyo, 15–20 aivae saa za kazi. Ila chini ya 10 usitegemee mengi.

Shangazi_Tanga

Asante mwanangu. La pili: huku matende yapo. Mtu atajuaje huu ni uvimbe wa vena na sio matende?

nesi_wa_vidonda

Shangazi, shika ngozi ya juu, kwenye shina la kidole cha pili cha mguu (kinachofuata gumba), ujaribu kuifinya na kuiinua. Ikikataa kuinuka, limfu imehusika. Ikiinuka haijathibitisha lolote, endelea kuangalia. Uvimbe wa vena mwanzoni mara nyingi hauingii vidoleni, unapungua usiku mguu ukiinuliwa, na una weusi upande wa ndani wa kifundo. Wa limfu unajaza mgongo wa unyayo na vidole, ngozi inakuwa nene na yenye vinundu. Pwani yetu vimelea vya matende vinapimwa kwa damu ya usiku au kwa vipimo vya haraka vya antijeni.

Ugonjwa wa vena wa miaka mingi unaweza kuichosha limfu, vikawa viwili kwa pamoja. Huyo anaanza na bandeji hadi mguu upungue, kisha anapimiwa soksi ya mashine bapa. Matende pia yanataka kuosha mguu kila siku kwa sabuni, kukausha katikati ya vidole na kutibu fangasi. Soksi juu ya ngozi chafu yenye nyufa inaleta homa ya mguu.

mpimamiguu

Kuhusu kupima. Ni asubuhi mapema, kabla uvimbe haujaja. Ukipima saa kumi jioni umeuza soksi ya mguu uliovimba, na kesho asubuhi inapwaya. Kama ni lazima mchana, mgonjwa alale miguu juu nusu saa kwanza.

Tumia futi kamba ya fundi cherehani, iguse ngozi bila kuibonyeza. Mzingo wa kifundo ni mahali pembamba kabisa juu ya mifupa miwili ya pembeni, unaitwa B. Shavu pale panene zaidi ni C. Chini ya goti, vidole viwili chini ya mkunjo wa nyuma, ni D. Urefu unapimwa kutoka sakafuni hadi D, mgonjwa ameweka unyayo chini. Soksi za boksi kwa kawaida zina fupi na ndefu, na mpaka wake mara nyingi uko karibu na sm 38. Kwa soksi ya paja ongeza mzingo wa juu ya paja na urefu wake.

Pima miguu yote miwili. Kifundo ndicho kinachochagua saizi, kwa kuwa hapo ndipo mmHg inahesabiwa. B ikisema saizi ya kati na C ikisema kubwa kupita jedwali, usipandishe saizi ili shavu liingie, maana kifundo kitabaki bila kitu na damu itabanwa juu. Huyo ni wa soksi ya kupimiwa.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara: soksi ndefu inakunjwa juu. Mkunjo ni tabaka mbili, unabana maradufu, unakuwa kamba chini ya goti. Na pembeni ya nje, chini kidogo ya goti, kuna neva inayopita juu ya mfupa bila nyama ya kuikinga. Ikibanwa, mtu anashindwa kuinua unyayo. Ganzi ya mgongo wa mguu au unyayo unaoburuta: vua papo hapo. Mikunjo ya mbele ya kifundo nayo inakata ngozi, ilainishwe kwa kiganja kila ukivaa. Usiivute kutoka juu.

Kisigino

Bibi wa miaka 70 mwenye baridi yabisi ya vidole, hiyo 30–40 anaivaaje?

nesi_wa_vidonda

Avae kabla hajatoka kitandani, mguu mkavu. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zenye chembechembe kiganjani, zinashika kitambaa na kuzuia kucha kukitoboa. Ingiza mkono ndani ya soksi, shika kisigino chake, geuza ndani nje hadi hapo. Ingiza unyayo, panga kisigino cha soksi na cha mguu, kisha rudisha juu ya kifundo. Kutoka hapo panda kidogo kidogo kwa kusugua na viganja. Kama vidole ni wazi, vika kwanza mfuko laini wa plastiki unyayoni, soksi itateleza juu yake, kisha chomoa mfuko kwa mbele. Fremu ya waya ya kusimamisha soksi ipo na inasaidia sana.

Mikono ikigoma kabisa, tumia soksi mbili nyepesi. Zipo seti zenye soksi ya ndani ya karibu 10 na ya nje ya 30. Ya ndani inashikilia gozi ya kidonda na inatelezesha ya nje. Utafiti wa VenUS IV wa Uingereza, uliochapishwa 2014, ulilinganisha soksi mbili za namna hii na bandeji ya tabaka nne. Siku za kati za kupona (nusu ya wagonjwa wamepona kufikia hapo) zilikuwa 99 kwa soksi na 98 kwa bandeji, na vidonda vya waliovaa soksi vilirudi kwa uchache. Kwa hiyo mwenye kidonda kidogo, kisichotoa maji mengi, na mguu wenye umbo zuri, haina haja kumfunga bandeji miezi.

Mwananyamala_Famasi

Na wanaoanza na bandeji? Wengi wanafunga krepu ya pamba peke yake.

fundi_mfumaji

Krepu peke yake inalegea mapema sana. Hesabu ya bandeji ni hii: mmHg = kilo za mvuto × tabaka × 4620 ÷ (mzingo wa mguu kwa sm × upana wa bandeji kwa sm). Bandeji ya sm 10, tabaka 2, mvuto wa kilo 1: kwenye kifundo cha sm 22 unapata 42. Kwenye shavu la sm 36, kwa mvuto uleule, unapata karibu 26. Kwa hiyo usikaze chini na kulegeza juu, umbo la mguu lenyewe linafanya hiyo kazi. Lakini kifundo chembamba cha sm 18 kinapata 51, na ukingo wa mbele wa mfupa wa muundi unapata zaidi ya hapo. Ndipo ngozi inapokufa.

nesi_wa_vidonda

Hapo ndipo pamba ya kuviringisha inapohitajika. Inaongeza mzingo, inakinga muundi na kano ya kisigino. Zile bonde mbili nyuma ya mifupa ya kifundo, jaza kipande cha pamba au sponji, la sivyo bandeji inapita juu kama daraja na kidonda cha bondeni hakibanwi.

Mguu ukae pembe mraba. Anza shina la vidole, mizunguko miwili, kisha namba nane kuzunguka kifundo, kisigino kifunikwe chote (ukiacha dirisha, uvimbe utatokea hapo). Panda ukifunika nusu ya mzunguko uliopita, bandeji ikiwa imevutwa kwa mkazo uleule, ishia vidole viwili chini ya goti. Malizia kwa plasta. Vile vibanio vya chuma vinachoma.

Bandeji ya mvutiko mfupi (ngumu, inayovutika kidogo tu) inalegea uvimbe unaposhuka, kwa hiyo siku za mwanzo ifungwe upya kila siku au siku ya pili, baadaye mara mbili kwa wiki. Na mgonjwa atembee. Bandeji ngumu kwa mtu anayekaa kutwa bila kucheza kifundo haifanyi nusu ya kazi yake.

Kisigino

Vipi soksi za mitumba? Zipo zenye chapa kubwa, zinaonekana mpya.

fundi_mfumaji

Hapana. Hujui ilifuliwa mara ngapi, wala ilipimwa kwa mguu gani. Soksi mpya inayovaliwa na kufuliwa ipasavyo inahesabiwa miezi 6 kisha inabadilishwa. Dalili ya iliyokufa ni ile watu wanayoifurahia: imekuwa rahisi kuvaa.

Kufua: kila siku au baada ya siku moja, maji vuguvugu ya nyuzijoto 30 hadi 40, sabuni laini. Jasho na mafuta ya ngozi yanachosha nyuzi, na kufua kunazirudishia umbo. Jik marufuku, klorini inakata elastani. Maji ya kulainisha nguo marufuku. Usikamue kwa kusokota, viringisha ndani ya taulo na ubonyeze. Anika kivulini, si juu ya bati. Vaselini na mafuta ya nazi yanaharibu mpira na kulegeza silikoni. Ngozi ya ugonjwa huu inahitaji mafuta kweli, kwa hiyo yapakwe usiku baada ya kuvua.

Mwananyamala_Famasi

Swali gumu: mtu atavaa milele? Wengi wanataka upasuaji wamalize.

mpimamiguu

Kama vena ya juu juu ndiyo inayovuja, kuifunga kunasaidia kweli. Utafiti wa ESCHAR wa 2004 ulionyesha upasuaji pamoja na mgandamizo unashusha kurudi kwa kidonda ndani ya mwaka kutoka asilimia 28 hadi 12. EVRA wa 2018 ulionyesha kuifunga mapema, bila kungoja kidonda kipone, kunapunguza siku za kati za kupona kutoka 82 hadi 56. Angalia, makundi yote yalikuwa yanabanwa. Kwa hiyo mwenye kidonda apate ultrasaundi ya vena mapema, na asivue soksi kwa sababu amefanyiwa. Kama vena za ndani ndizo zilizoharibika baada ya damu kuganda, soksi inabaki kuwa nguzo ya kupunguza uvimbe na uzito wa mguu.

Zile nyeupe za wodini ni kitu kingine. Zinabana karibu 18 kifundoni, zimepangwa kwa mtu aliyelala. Anayetembea na ugonjwa wa vena hazimtoshi.

Shangazi_Tanga

Wapo mafundi cherehani wanaoshona mikanda ya velkro ya kufunga mguu. Ni salama?

fundi_mfumaji

Shangazi, wazo lenyewe ni zuri. Mikanda ya kiwandani ipo, ni migumu, mgonjwa anaikaza mwenyewe uvimbe unapopungua, na mingine inakuja na kadi ya kusomea mgandamizo. Ya fundi haina kadi, hapo ndipo hatari ilipo.

nesi_wa_vidonda

Mimi naikubali kwa masharti: ateri zimepimwa, hakuna kidonda, mguu una hisia zote.

fundi_mfumaji

Basi ishonwe hivi. Kitambaa kisichovutika lakini kinachopumua, kama drili ya pamba, sio turubai wala ngozi bandia. Mikanda yenye upana wa karibu sm 5, kila mmoja ufunike kidogo wa chini yake ili ngozi isichomoze katikati. Mishono yote itazame nje. Velkro upande wa kulabu iishie juu ya kitambaa, isiguse ngozi. Ndani ivaliwe soksi ndefu ya pamba isiyo na mpira juu. Anza kufunga kifundoni, panda, mkazo uleule kila mkanda. Baada ya dakika 20 bonyeza kucha, uliza ganzi. Unyayo usiachwe wazi: ukifunga shavu tu, maji yote yanashuka mgongoni mwa mguu, kwa hiyo kiwepo kipande cha unyayo au soksi ya kubana ya 15–20 chini yake.